“Imepimwa” maana yake nini? Unga wa maua, presha ya mama na karatasi ya maabara

*“Shikamoo daktari. Nipo Urambo, mkoani Tabora. Mama yangu ana miaka 61, na presha anayo mwaka wa sita sasa. Huu ni mwezi wa tatu ameacha vidonge vya hospitali, anatumia unga wa maua anaouziwa gulioni na mama mmoja mtu mzima anayeheshimika sana hapa. Unga una rangi ya udongo mwekundu, ni mchachu kidogo, anakunywa kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto asubuhi na jioni. Muuzaji anasema ni maua matatu ya porini, na kwamba dawa yake imepimwa kwa Mkemia Mkuu. Karatasi ya majibu anayo, nimeiona, ni nakala. Mama anasema kichwa kimeacha kumgonga na anajisikia mwepesi. Ila tangu aanze pakiti hii ya mwisho analalamika mdomo kukauka na moyo kwenda mbio, na juzi alishindwa kutunga uzi kwenye sindano hata akiwa na miwani yake, jambo ambalo halijawahi kumshinda. Wiki iliyopita zahanati ilimpima presha ikasoma 168/98. Naomba kujua: nikiupeleka unga huu maabara, watanieleza kama unatibu? Na kama umeshapimwa, kuna haja ya kupima tena? Sipendi kumvunjia heshima yule mama muuzaji.”*

Marahaba, binti yangu. Umeniuliza habari za maabara, na kupima unga wa mimea ndiyo kazi ninayoamkia kila siku, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Lakini kuna sentensi moja katika maelezo yako iliyonifanya niweke maabara kando kwanza. Mdomo mkavu, moyo kwenda mbio, uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Mambo hayo matatu yakija pamoja, tena yakianza na pakiti mpya, hayasubiri majibu ya maabara. Mama asiunywe tena unga huo kuanzia leo, na kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Pakiti msiitupe. Ifungeni vizuri, iwekeni mbali na watoto, na mwende nayo.

Nikueleze kwa nini nimeshtuka. Kuna mmea uitwao mnanaha, unaota jalalani, kwenye mazizi ya zamani na kandokando ya mashamba, una ua jeupe au la zambarau lililochongoka kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Una ndugu yake mkubwa ambaye watu humpanda uani kama pambo, maua yake yananing’inia kichwa chini na kunukia sana jioni. Mimea yote hiyo miwili, kuanzia ua, jani hadi mbegu, ina kemikali za jamii ya atropini na skopolamini. Mwilini mwetu, neva zikitaka tezi itoe mate, au mboni ya jicho isinyae, au moyo upunguze mwendo, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huingia mahali pake kama ufunguo kwenye kitasa. Atropini huingia kwenye kitasa hichohicho ikakaa bila kufungua, na ufunguo halali ukija unakuta nafasi imejaa. Mate hayatoki. Mboni inabaki wazi. Msuli mdogo unaoliwezesha jicho kuona cha karibu unalegea, ndiyo maana mtu anaona vizuri mwembe ulio ng’ambo ya barabara lakini tundu la sindano halioni. Moyo nao unakosa wa kuuzuia, unakimbia.

Sijasema kwamba kwenye pakiti ya mama yako kuna mnanaha. Sijauona unga huo. Sukari ikipanda mwilini hukausha mdomo na kuvuruga macho, na mama wa miaka 61 mwenye presha anastahili kupimwa sukari hata bila habari hizi. Presha yenyewe ikipanda sana huathiri macho. Ndiyo sababu nataka apimwe mama kabla ya kupimwa unga. Mkifika, mwambie daktari au muuguzi waziwazi: “Ameacha vidonge miezi mitatu, anakunywa unga wa maua, na dalili hizi zimeanza na pakiti hii.” Msifiche kwa kuogopa kugombezwa. Mwombe amulike macho yake kwa tochi aone kama mboni zinasinyaa, ahesabu mapigo ya moyo, apime presha na sukari. Ni mambo ya dakika chache, na yatatueleza mengi kuliko mimi nikiwa mbali. Kama ni atropini, mara nyingi dalili hupungua ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha, ingawa macho yanaweza kukawia zaidi.

Akianza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, kushindwa kukojoa, kupata joto kali huku ngozi ikiwa kavu, au kifua kumbana, au upande mmoja wa mwili kulegea, au mdomo kwenda upande, hapo si suala la kesho. Ni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na vidonge vyake. Asivirudie kwa kukisia nyumbani, wala asimeze viwili viwili kufidia miezi iliyopita, maana presha ikishushwa kwa pupa nayo huangusha mtu. Daktari amwanzishie upya. Lakini muulize mama kwa upole, mkiwa wawili tu: aliviacha kwa nini? Nimekaa na wagonjwa wengi wa presha, na ni wachache walioacha dawa kwa ubishi. Mmoja miguu ilivimba, mwingine alipata kikohozi kikavu kisichokwisha, mwingine alichoka kukojoa kila saa akiwa shambani. Yote hayo ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa za presha, na dawa ina mbadala wake. Asiposema, daktari atampa zilezile na ataziacha tena.

Kichwa kuacha kumgonga kusikudanganye. Presha kwa watu wengi haiumi kabisa. Mtu anaweza kutembea nayo miaka, analima, anacheka, huku mishipa ya figo na ubongo ikichakaa. Kipimo ni mashine ya mkononi, na mashine imesema 168/98 wakati tunataka iwe chini ya 140/90. Baada ya miezi mitatu ya unga, hiyo ndiyo habari yenyewe kuhusu kama unamtibu au la, na haikuhitaji maabara.

Sasa twende huko maabara ulikouliza.

Neno “imepimwa” limekuwa kama muhuri. Watu wakilisikia wanaacha kuuliza. Lakini maabara hujibu swali iliyoulizwa, na hujibu kuhusu kile kilicholetwa mezani, basi. Mtu akileta unga akaomba upimwe metali zenye sumu, yaani risasi na zebaki, ripoti itasema risasi iko chini ya kiwango, zebaki haikuonekana, na ripoti hiyo itakuwa ya kweli kabisa hata kama nusu ya unga ule ni mnanaha. Hakuna aliyeuliza habari za mnanaha. Siku utakapoiona tena ile nakala, soma taratibu: ina tarehe gani? Jina la aliyeleta sampuli ni la nani? Vipimo vilivyofanywa ni vipi? Tafuta pia ule mstari ambao maabara nyingi huuandika chini, kwamba matokeo yanahusu sampuli iliyopokelewa tu. Mstari huo unaonekana kama urasimu, lakini ndio ukweli wa kazi yetu. Maua yaliyochumwa mwaka juzi yakapimwa si maua yaliyo kwenye pakiti ya mama leo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, kuna haja ya kupima tena. Na nikuoneshe kinachofanyika, ili ukienda ujue cha kuomba.

Mimi huanza na hadubini, na kama ningelazimishwa kubaki na kifaa kimoja tu maabara ningebaki nayo hiyo. Maua yakishasagwa, kwa macho yote yanafanana: unga wa kahawia, unga mwekundu, unga wa manjano uliofifia. Lakini ua lina kitu ambacho jani na mzizi havina, nacho ni chavua, lile vumbi laini la ua. Kinu hakiipondi sana chavua, ni ndogo mno na ganda lake ni gumu. Ukiweka chembe ya unga kwenye kioo, ukatia tone la maji, ukaangalia, chavua ya ua jamii ya hibiskasi utaiona kubwa, mpira uliojaa miiba pande zote, karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ya alizeti pori, yale maua ya manjano yanayojaa kandokando ya barabara, nayo ina miiba, lakini ni ndogo zaidi ya mara tatu. Mtu aliyezoea hahitaji dakika tano kujua kama alichoambiwa na anachokiona ni kitu kimoja.

Hapo nikusahihishe jambo dogo. Unga mwekundu mchachu unanifanya nifikirie choya, ambayo wengine huiita rosela. Tunaiita ua, lakini kinachokaushwa si ua lenyewe. Ni vile vijani vinene vyekundu vinavyolikumbatia tunda changa baada ya petali kuanguka. Kwa hiyo kwenye unga wa choya halisi chavua ni chache. Nikiikuta imejaa chavua, najua kuna maua mengine humo, na hapo ndipo naanza kuuliza maswali.

Miaka kadhaa iliyopita mganga mmoja wa upande wa Kasulu aliniletea pakiti mbili za dawa yake ileile, unga wa maua ya alizeti pori, moja ya zamani na moja mpya. Wateja walimlalamikia kwamba mpya haina uchungu. Ya zamani ilikuwa kama alivyosema: chavua za manjano zenye miiba, kila nilipogeuza kioo. Ya pili nilitafuta chavua kwa shida. Nilichokiona ni vipande vidogo vyeupe vyenye pembepembe, vimebanana. Nikadondosha tone la iodini pembeni ya kioo, nikangoja. Rangi ilitambaa taratibu ndani, na kila kipande ilichokifikia kiligeuka bluu nzito karibu na nyeusi. Wanga. Na kwa zile pembe, wanga wa mahindi, maana wa muhogo una chembe za mviringo zilizokatwa upande mmoja. Mzee yule hakuwa ameghushi chochote. Awali alikuwa anatwanga kwa kinu cha nyumbani; biashara ilipokua akapeleka maua kwenye mashine ya kusaga unga wa ugali, na maua yakatoka yamebeba mabaki ya mahindi ya watu waliomtangulia. Alikaa kimya muda mrefu nilipomwonesha, kisha akaniomba aangalie tena.

Nakuambia habari hiyo kwa sababu ya kinu. Mnanaha umetumika tangu kale, hapa na nchi nyingine nyingi, kwa pumu: majani yake huchomwa na mgonjwa huvuta moshi. Muuzaji mmoja anaweza kuwa na dawa ya pumu na ya presha katika chumba kimoja, kinu kimoja, ungo mmoja. Haihitaji nia mbaya. Inahitaji siku moja ya haraka kabla ya gulio. Na atropini haitabiriki, kwani kiasi chake hubadilika kati ya mmea na mmea, kati ya ua na mbegu, hata kulingana na umri wa mmea. Ndiyo maana pakiti tano zinaweza kupita salama na ya sita ikaleta balaa.

Baada ya hadubini kuna vipimo vya uzito ambavyo havina mvuto lakini vinasema mengi. Unga hukaushwa kwenye joto la nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, tukajua ulikuwa na maji kiasi gani. Ukizidi unyevu, hasa masika, ukungu hauchelewi, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kisha unga huchomwa kwenye tanuru, zaidi ya nyuzi 500, mpaka libaki jivu. Jivu likimwagiwa asidi ya haidrokloriki huyeyuka, isipokuwa mchanga. Maua yaliyoanikwa chini kwenye udongo wetu wa kichanga wa Tabora hujitangaza hapo. Vimelea navyo hupimwa, na hapa namna ya kunywa inahesabika: miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu hadi bakteria milioni 10 kwa gramu kwenye mimea ya kumiminiwa maji yanayochemka, lakini 100,000 tu kwa ile inayomezwa vivi hivi. Salmonela hairuhusiwi popote. Kwa risasi kikomo ni miligramu 10 kwa kilo, kwa kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, 0.3.

Kipimo ambacho wewe unakihitaji hasa ni kromatografia ya bamba jembamba. Jina ni refu, lakini kazi yake uliifanya shuleni ulipochora nukta ya wino kwenye karatasi, ukachovya ncha yake majini, wino ukapanda na kujigawa rangi. Sisi tunaloweka unga kwenye kimiminika, tunadondosha nukta kwenye bamba lenye silika, tunaacha kimiminika kipande, kila kemikali inapanda kwa mwendo wake. Kisha tunanyunyizia kitambuzi ambacho alkaloidi, jamii ambamo atropini imo, huonekana nacho kwa rangi ya machungwa. Pembeni lazima iwepo nukta ya atropini halisi ya kulinganishia. Bila hiyo, machungwa peke yake hayatoshi kumhukumu mtu, na kwenu Urambo nalisisitiza hili kwa sababu moja: tumbaku. Nikotini nayo ni alkaloidi, nayo hugeuka machungwa. Maua yakikaushwa karibu na bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, au kuhifadhiwa kwenye magunia yaliyobeba tumbaku, yanaweza kuibeba. Nikotini pia hupeleka moyo mbio. Na mashamba ya tumbaku hupuliziwa viuatilifu. Maua yaliyochumwa kwenye kingo zake huvipokea. Kwa hiyo kuchuma “porini” kusikutoshe kama jibu. Uliza pori lipi, limepakana na shamba la nani.

Kuna jingine linaloniuma kila nikilikuta, nalo ni dawa za hospitali kusagwa na kuchanganywa kwenye unga wa miti. Limeonekana nchi nyingi: dawa za nguvu za kiume zina sildenafili, za viungo zina steroidi, za sukari zina glibenklamidi. Mgonjwa husifia miti, kumbe anameza kidonge bila kipimo. Maabara haiwezi kutafuta kila dawa iliyopo duniani, kwa hiyo kwenye fomu usiandike “unga wa miti shamba” ukaishia hapo. Andika unatumiwa kwa presha, mchambuzi ajue aanzie wapi.

Sasa swali lako la kwanza: watakueleza kama unatibu? Hapana. Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Vipimo vyote nilivyotaja vinaeleza unga ni nini, ni safi kiasi gani na umebeba sumu gani. Hata kile kiitwacho kipimo cha usalama mara nyingi ni cha muda mfupi. Wakati mwingine tunatumia uduvi wadogo wa maji chumvi, tunawaacha usiku kucha kwenye maji ya dawa, kesho yake tunahesabu waliokufa. Wakati mwingine ni panya, kwa siku chache. Hivyo hukamata sumu kali ya papo kwa papo. Havikamati inayokula figo taratibu. Mapema miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa dawa ya mitishamba ya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana. Waliitumia kwa miezi bila kuhisi chochote. Kilichohitajika pale ni mtu wa kuangalia kwa hadubini kabla ya unga kuingia kwenye vidonge.

Kujua kama dawa inatibu kunahitaji watu, si bamba la silika: kundi linalopewa dawa, kundi linalopewa kinywaji kinachofanana nayo, na anayepima presha asijue nani ni nani. Choya imefanyiwa hivyo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa watu 65, wenye presha iliyopanda kidogo na wasiotumia vidonge, vikombe vitatu vya choya kwa siku au kinywaji bandia kwa wiki sita. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7 hivi kwa wanywaji wa choya, na kwa 1 hivi kwa wenzao. Ni matokeo mazuri na nayaheshimu. Lakini toa 7 kwenye 168 ya mama, unabaki na 161. Choya inaweza kumsindikiza mgonjwa wa presha. Kwa mama yako haiwezi kubeba mzigo peke yake. Akishatulia, akarudi kwenye vidonge, na akitamani choya yake, aitengeneze kwa choya nzima ambayo mmeinunua ikiwa haijasagwa, mkaijua kwa macho, bila kumimina sukari, na daktari awe na habari.

Watu huniuliza kipimo cha nyumbani, na kipo kimoja cha kweli. Chukua maji mekundu ya choya, gawa kwenye glasi mbili. Moja kamulia ndimu, nyingine tia magadi kidogo. Ya ndimu itang’aa wekundu, ya magadi itageuka kuelekea bluu au kijani chafu, kwa sababu rangi ya choya, antosianini, hubadilika kulingana na uchachu. Rangi ya dukani kwa kawaida haifanyi hivyo. Unaweza kujaribu na maji ya unga wa mama, ila msiyanywe, na mjue yatakuambia nini: kwamba choya imo. Hayatakuambia nini kingine kimo. Mnanaha utakaa humo kimya, magadi au ndimu.

Ukiamua kupeleka sampuli, usichote kijiko cha juu. Chembe nzito hushuka chini ya pakiti na nyepesi hubaki juu. Mimina unga wote kwenye karatasi nyeupe safi, si gazeti, wino wake nao una kemikali zake. Ukusanye kama kichuguu, ukate msalaba kwa rula, chukua robo mbili zinazotazamana, uchanganye, na urudie kama bado ni nyingi. Gramu 100 hivi zinatosha kwa vipimo vya mwanzo, na kinachobaki mkihifadhi. Kama pakiti haina kiasi hicho, pelekeni yote iliyobaki na daktari aandike kuwa kuna mgonjwa mwenye dalili, maana hiyo hubadilisha uzito wa suala. Funga kwenye bahasha ya khaki, andika tarehe ya kununua, mahali, kipimo anachokunywa na tarehe dalili zilipoanza.

Anzia karibu. Halmashauri yenu ina mratibu wa tiba asili, muulizie kwenye ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda Tabora mjini, na huko unaweza kutoa taarifa ya madhara. Uchambuzi wenyewe hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, ina watu wanaoijua mimea yetu kwa majina na kwa sura. Uliza gharama kabla, vipimo huhesabiwa kimoja kimoja. Kwa fedha za kwenu ningeomba viwili tu kwanza: hadubini, na bamba jembamba la alkaloidi likilinganishwa na atropini. Vingine vinaweza kusubiri majibu ya hivyo.

Limebaki la yule mama muuzaji, na nimefurahi ulivyolifikiria. Tiba asili ina sheria yake hapa nchini tangu mwaka 2002, ina Baraza linalosajili waganga na dawa zao, kwa hiyo kumuuliza usajili si kumtukana. Usiende na maneno ya sumu. Nenda kama mtoto wa mteja wake, msalimie, mwambie mama yamempata haya. Siri ya mchanganyiko wake abaki nayo. Muombe tu akuoneshe yale maua matatu yakiwa mazima, na shina na majani yake, myabane kwenye daftari yakauke. Tawi zima humsaidia mchambuzi kuliko kilo ya unga. Muulize kama anatwanga dawa ya pumu, na kama ni kinu kilekile.

Na muulize pakiti za mchanganyiko ule aliwauzia akina nani. Kama kinu kilichafuka siku ile, mama yako si peke yake, kuna wengine hapo Urambo midomo imewakauka na wanadhani ni joto. Mwambie mapema, kabla ya siku ya gulio linalofuata, ili azirudishe nyumbani zilizobaki.